Joto la Upande wa Abiria

Jumatatu, 9 Februari

Nyuzi hamsini na tatu! Nimepima mwenyewe kwa kipimajoto cha jikoni, kile mama watoto alichokuwa akipimia maziwa. Hiyo ni sakafu ya upande wa abiria. Upande wa dereva ni arobaini na nne tu. Sijui gari hili lina kisa gani na abiria. Nimeandika namba zote mbili kwa chaki ukutani gereji, na tarehe.

Binti yetu alipiga simu asubuhi kabla sijafungua duka. Kwanza akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Akauliza nakula nini. Nikabadilisha mada. Ndipo akanipasulia: hospitali ya kule anakokaa mama yake imempa mama huyo nafasi ya kudumu ya uuguzi. Wodi ya watoto. Anatakiwa ajibu Jumatatu ijayo. Nikamuuliza mama mwenyewe anasemaje. Akasema mama hasemi kitu, ametoa tu nguo zake kwenye begi na kuzipanga kwenye kabati la wageni. Kabatini! Mgeni hapangi nguo kabatini. Mgeni anachomoa kwenye begi.

Miezi mitatu sasa. Alikwenda kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Wiki mbili tu, alisema. Goti limepona, shemeji yangu anapanda ngazi mbilimbili, na mke wangu hajarudi. Hatukugombana. Hilo ndilo linaloniuma, sina hata ugomvi wa kuuombea msamaha. Kilichotokea ni kiatu. Mwezi wa kumi na moja tulikwenda harusini kwa muuguzi mwenzake, na njiani soli ya kiatu chake cha kushoto ikayeyuka, ikagandia kwenye kapeti. Akaingia ukumbini kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mimi nilimuuliza kama kapeti limeharibika. Kisha nikamuuliza na habari za mguu. Katikati hapo hazikupita dakika nyingi.

Mwezi uliopita nilimpigia, nikamwomba arudi. Akacheka kidogo. Akasema siku gari hilo litakapokalika saa nzima bila mtu kuiva, nimwite. Basi. Masharti ndiyo hayo, na mimi si mtu wa kukimbia masharti. Nimemtumia ujumbe kwamba Jumamosi nitamfuata, tupande hadi kwenye matangi ya maji kilimani, kama enzi za uchumba. Amejibu: "Sawa." Nimelisoma neno hilo mara kumi na moja.

Jioni nilipita kwa fundi aliyeamsha injini mwaka jana, gari lilipotoka chini ya turubai baada ya miaka ishirini na minane. Watu wanamwita Kimya, maana anaweza kushusha giaboksi nzima bila kutoa neno. Leo ametoa matano. Anza na koki ya hita, alisema. Nikamtazama. Hita! Kishikio chake kwenye dashibodi kimelala upande wa kufunga tangu siku ya kwanza. Na nani mwenye akili timamu atawasha hita kwenye jua hili? Nikamkumbusha kwa heshima kwamba mwenye gari ni mimi. Akarudi chini ya lori lake.

Jumanne, 10 Februari

Faida ya kuuza magodoro ni kwamba sponji haikosekani. Nimekata vipande vinane, unene wa kidole gumba, nikavipanga chini ya kapeti upande wa abiria. Laini! Ukikanyaga unatamani kulala. Nilijisifu nikiwa peke yangu, kwa sauti, mpaka mteja aliyekuwa amesimama mlangoni akaondoka.

Majaribio yalianza saa sita mchana. Hadi posta, shwari. Hadi sokoni, harufu. Nikalaani watu wanaochoma takataka mjini. Kwenye mzunguko muuza magazeti akaanza kukimbia kando yangu akinyooshea kidole chini ya gari. Nikampungia mkono nikidhani anasifia gari, maana watu hulisifia. Kumbe moshi. Nilizima sponji kwa chupa yangu ya maji na chupa mbili za muuza magazeti. Kipimajoto hakisomeki tena vizuri upande mmoja, kimepata masizi.

Saa kumi simu ya mwanyumba, mume wa shemeji. Anauza majokofu. Habari za moshi zimeshamfikia, sijui kwa njia gani, ila namshuku binti yangu. Alinipa pole kwa sauti ya mtu anayetafuna. Akasema kwa nini nisichukue gari la kisasa kama lake, lenye kiyoyozi, maana mle ndani watu wanavaa sweta. Akarudia: sweta, mwenzangu. Hata mama watoto wako sasa hapandi bila sweta.

Mke wangu hana sweta. Nimefungua kabati nikahakikisha. Kwa hiyo kanunua sweta kule, au kanunuliwa. Nimekaa kitandani upande wake, nikawa nafikiria rangi ya sweta nisiyoijua. Hali yangu imefika hapo.

Jumatano, 11 Februari

Foili. Ile ya jikoni, ya kufunikia vyakula. Inarudisha joto lilikotoka, kila mtu anajua. Nikaisaka kwenye makabati yote, na nyuma ya makopo nikakutana na kopo la majani ya chai lenye karatasi aliyoibandika mwenyewe: "Chai. Usimalize bila kuniambia." Mwandiko wake wa wodini, herufi zimesimama wima. Kopo halina kitu. Nililimaliza mwezi wa kumi na mbili na sikumwambia. Nilisimama na kopo mkononi muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusimama na kopo.

Foili nikaipata chini ya sinki. Nimetandaza roli nzima: sakafuni, ukuta unaotenga injini, chini ya dashibodi, na kwa kuwa ilibaki, juu ya dashibodi pia. Gari liling'aa ndani mpaka mlinzi wa duka jirani akaja kuuliza kama nafungua baa.

Kosa lilikuwa juu ya dashibodi. Jua liliingia, likagonga foili, likanirudia machoni. Niliendesha mita mia mbili nikiwa kipofu kabisa. Pipa la taka la manispaa ndilo lililonisimamisha. Mkwaruzo kwenye bampa, urefu wa kiganja. Nimeupapasa, nimeupangusa, nimeusemesha.

Lakini sikilizeni! Nyuzi hamsini na moja. Mbili zimeshuka! Nimeandika ukutani kwa herufi kubwa.

Nilipokuwa nimeinama chini ya kiti cha abiria nilipata mtandio wake, ule wa zambarau, ambao huwa anaufunga kichwani nikifungua paa na upepo ukizidi. Unanuka sponji iliyoungua, na chini kabisa ya harufu hiyo, poda yake. Nimeukunja nikauweka mfuko wa shati. Kiti kile kina bonde dogo upande wa kulia kwa sababu hukaa ameegemea mlango. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Sikuwahi kumwambia hivyo. Inabidi nimwambie Jumamosi, baada ya kumweleza kuhusu foili.

Alhamisi, 12 Februari

Leo ni siku ya fikra kubwa. Joto halifukuzwi, joto linapozwa. Kwa hiyo barafu. Dukani kwa mwanyumba majokofu yamejaa barafu, lakini heri niive. Nikaenda kwa muuza samaki. Amenipa ndoo mbili, nikazimimina kwenye beseni la kufulia, beseni nikaliweka sakafuni upande wa abiria, na feni ndogo ya betri ikapuliza juu yake.

Nyuzi thelathini na nane! Thelathini na nane, jamani! Nilizunguka mtaa mara tatu madirisha yamefungwa, nikiimba. Nilimpita fundi Kimya barabarani nikapiga honi. Ubaridi ulinipiga shavuni, na nikamwona kabisa mke wangu pale kitini, miguu yake salama, ananiambia hatimaye nimefanya jambo. Nilimjibu. Nilimwambia si kitu, mama, ni jambo dogo tu. Nilikuwa naongea na beseni.

Ilidumu dakika ishirini. Kisha barafu ikawa maji, nikakata kona, na maji yakahama kutoka beseni kwenda kwenye kiti chake. Maji yenye magamba. Kufika saa tisa gari zima lilinuka soko la samaki wakati wa kufunga. Paka watatu wamelala juu ya boneti hadi sasa. Nikiwafukuza wananitazama kama nimewaahidi kitu.

Nimekianika kiti juani. Nimekisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa sabuni tena. Bonde lake bado lipo, nashukuru.

Binti kapiga. Ameuliza kama nimezungumza na mama yake wiki hii. Nikasema ndiyo, nampa taarifa kila siku. Akauliza taarifa za nini. Nikasema za nyuzi. Akasema baba, jamani, na kukata simu. Mtandao ulikuwa mbaya, nadhani.

Ijumaa, 13 Februari

Sina muda! Leo nimeinua boneti upande wa nyuma kwa nati nne ili joto la injini litokee juu. Joto limekubali kutoka. Limetoka, likaingia moja kwa moja kwenye tundu la hewa la mbele ya kioo, na kunijia usoni. Hamsini na nne. Nimezitoa nati. Moja imedondokea ndani ya injini na sijaiona tena.

Kimya alikuja dukani kununua godoro. Alilibonyeza, akalikubali, akalipia, akalibeba kichwani. Mlangoni akageuka akatoa yale maneno yake matano: anza na koki ya hita. Nikamwambia kesho ni siku ya watu wazima, siyo ya kuchezea hita. Akatikisa kichwa, na godoro likatikisika naye.

Mchana mzima nimekuwa nikifanya mazoezi ya kuzungumza. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati na kuanza: mama watoto, kuhusu utendaji wa foili. Nikaacha. Nikaanza tena: mama watoto, nyumba ni kubwa. Nikaacha hapo pia.

Kila asubuhi natoa vikombe viwili. Miezi mitatu. Kimoja nakirudisha kabatini kikavu. Nimemkumbuka. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika mezani jikoni, jua bado lipo.

Nilifika kwa mwanyumba saa nne kasoro, shati jeupe, mtandio mfukoni, gari limepuliziwa manukato chupa nzima. Sponji, samaki, manukato. Nilikuwa nimeshazoea. Shemeji alisimama getini mikono kiunoni, akauliza mke mdogo hajambo. Ndivyo anavyoliita gari. Mwanyumba alijitolea kutufuata nyuma na gari lake, lolote likitokea. Nilimwambia abaki, hakuna litakalotokea. Akaweka chupa tatu za maji baridi kwenye kiti chake hata hivyo, nione.

Ndipo akatoka. Amepungua. Amesuka nywele kwa mtindo nisioujua. Sweta lilikuwa mkononi, la kijivu, na miguuni kavaa kandambili. Nilimuuliza kwa nini kandambili. Akasema za usalama. Akaingia, akatazama foili sakafuni, akauliza kama tunakwenda kuoka kitu. Nikacheka kupita kiasi.

Dakika kumi za kwanza nilimweleza yote. Foili, mipaka ya sponji, somo la barafu. Yeye alitazama nje. Dakika ya kumi na tano kipimajoto kilisoma hamsini. Nikakigeuza kisionekane. Dakika ya ishirini akatoa miguu kwenye kandambili, akaikunjia juu ya kiti, chini ya gauni. Nikapaki pembeni kwenye vumbi, nikaweka paji la uso kwenye usukani na kubaki hapo.

Akaniambia nifungue boneti. Kwa ile sauti yake ya wodini, ambayo hata madaktari huitii. Nikafungua. Akazungusha ncha ya sweta kwenye vidole, akaanza kugusa mipira ya maji mmojammoja kama anatafuta mshipa wa mtoto. Huu vuguvugu. Huu pia. Huu wa moto, unakwenda wapi? Unaingia ndani, nikasema, kwenye hita, lakini hita imefungwa. Akafuata mpira kwa kidole hadi kwenye koki. Kebo ya kutoka dashibodini ilikuwa imekatika, pengine tangu zamani mno. Na koki ilikuwa imefungwa kwa waya, imevutwa, imekazwa mara nne ibaki wazi. Maji ya moto ya injini yamekuwa yakipita chini ya miguu ya abiria muda wote. Waya wenyewe ulikuwa na ganda la kijani, na ncha moja ilikuwa na kijindoana.

Akauliza huu si waya wa pazia?

Nilikumbuka yote kwa mpigo. Msimu wa baridi, mwaka mmoja kabla ya ndoa. Alikuwa akitoka zamu miguu ya barafu, na mle ndani ya gari alikuwa akiikunjia juu ya kiti, chini ya gauni, vilevile. Hita haikukubali kubaki wazi, koki ilikuwa ikijirudi. Siku moja nilikuwa sebuleni kwao namngoja avae, nikaona pazia la dirisha dogo. Nilichomoa waya, nikatoka, nikaikaza koki kwa waya huo ibaki wazi, nikarudi nikakaa kwa adabu. Toka siku hiyo miguu yake haikupata baridi tena. Kabla msimu wa joto haujaanza injini ikafa, ndoa ikaja, watoto wakaja, turubai likashuka juu ya gari. Nilipolifufua nilimwonya Kimya asibadili hata skrubu moja.

Nilimweleza. Akasema mama yake alimsingizia dada yake kuhusu lile pazia. Alimfinya sikio mbele ya wageni. Mpaka leo dada anaapa hakuligusa. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu langu lililosafishwa, na mimi nikaketi kando yake. Kisha kicheko kikaisha, akabaki anauzungusha ule waya kidoleni.

Akasema hakuondoka kwa sababu ya joto. Joto linavumilika. Aliondoka kwa sababu siku ile ya harusi alisimama na mguu mtupu umebabuka, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nalipapasa kapeti. Akasema miezi mitatu alingoja nipige simu niseme nimemkumbuka, na kila nikipiga nampa nyuzi.

Nikasema nimekukumbuka. Nikasema na vikombe vile viwili, na kopo la chai, na bonde la kwenye kiti. Vilitoka ovyo, bila mpangilio. Nikatoa mtandio mfukoni. Akaunusa, akauliza samaki anahusika vipi. Akajifunga hivyohivyo.

Nimefunga koki. Ndani ya dakika kumi: thelathini na mbili. Sikutaja namba kwa sauti. Tulipofika njia panda akasema nimpeleke nyumbani, na nikaogopa kuuliza nyumbani wapi. Nikapunguza mwendo mpaka lori likatupigia honi. Akanyoosha mkono kushoto.

Kushoto ni kwetu! Yuko chumbani sasa hivi, nasikia milango ya kabati. Ule waya kautia kwenye mkoba wake, hakutaka kuutupa.

Jumatatu, 16 Februari

Amepiga simu hospitali ya kule saa mbili asubuhi. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikikagua bawaba. Aliwashukuru sana, akasema hapana. Vikombe viwili, vyote vimelowa chai. Mwanyumba amepiga kuulizia sweta limesahaulika wapi. Nimemwambia linafuta vioo.

Kabla hajajibu hospitali aliniwekea sharti moja tu: kwanza nimuulize yeye, gari baadaye. Nimeapa. Nimemwelewa kabisa, na hii ni tofauti na zamani ambapo nilikuwa nadhani tu nimemwelewa.

Jioni hii tulipanda hadi kwenye matangi, paa limefunguliwa, mtandio umefuliwa. Ndani kulikuwa na ubaridi mtamu. Kilimani upepo ulivuma kidogo na jua lilikuwa linazama upande wake. Nikakumbuka kiapo changu. Sikutazama bampa, sikutazama kipimajoto. Nilimuuliza yeye kwanza: miguu yako inaonaje? Akanitazama kwa furaha ambayo sijaiona tangu enzi za turubai. Akasema iko vizuri, baba, labda inapata baridi kidogo tu. Akaikunjia juu ya kiti na kuegemea bega langu.

Baridi! Mke wangu anapata baridi ndani ya gari langu, na mimi nimekaa!

Sasa yumo jikoni anachemsha maziwa, anauliza kipimajoto kimepatwa na nini. Nimemjibu naja. Nimesimama sebuleni kwenye dirisha dogo. Waya wa pazia hili ni mfupi kuliko ule wa kwao, lakini una ganda zuri na kijindoana kiko imara. Pazia litalegea kidogo tu, na kesho binti anakuja kututembelea. Tutasema ni yeye.